Lori la chumvi la Malindi kwa skeli ya 1:24: kuliunda, kulipaka rangi na kulichakaza

Wanaoanza kuunda modeli huuliza mambo yale yale. Plastiki nitaipata wapi hapa Malindi? Magurudumu niyatengeneze kwa nini? Mbona rangi imekunjamana? Na linalosumbua zaidi: mbona kutu niliyoipaka yaonekana rangi ya chungwa tu, wala haifanani na kutu? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kuunda gari moja toka mwanzo hadi mwisho: Canter ya bodi ya mbao inayobeba chumvi kutoka mashamba ya Gongoni.

Gari hilo limechaguliwa kwa makusudi. Canter zimejaa barabarani, kwa hiyo mfano wa kuangalia unao nje ya mlango. Pia chumvi hulila gari kwa mpangilio unaoeleweka. Ukiujua mpangilio huo, lori la mawe au la mchanga halitakushinda.

Shika neno moja kabla ya yote: kila doa liwe na sababu. Lori limebeba nini, limepita wapi, mzigo unapakiwa upande gani, utingo anakanyaga wapi akipanda. Ukiweza kujibu hayo, mkono utajua pa kuweka brashi. Usipoweza, utapaka uchafu gari zima na litaonekana limetumbukizwa katika ndoo ya rangi.

Pima gari la kweli kwanza

Usianze kukata kwa kukisia. Tafuta Canter iliyoegeshwa, muombe dereva ruhusa, hakikisha injini imezimwa, kisha pima kwa tepu. Kila kipimo cha milimita kigawe kwa 24. Huu ni mfano wa gari la bodi ndefu kiasi. Lako likitofautiana, fuata lako.

- Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma: mm 3,350, kwenye modeli mm 140
- Upana wa kebini: mm 1,700, modeli mm 71
- Urefu wa bodi: mm 4,300, modeli mm 179
- Upana wa bodi: mm 1,900, modeli mm 79
- Upana wa chasisi: mm 750, modeli mm 31
- Kimo cha tairi: mm 800, modeli mm 33
- Upana wa tairi: mm 215, modeli mm 9

Piga picha mbele, nyuma, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na chini ya bodi. Picha ya chini ndiyo watu husahau, na ndiko kutu ya chumvi inakoanzia.

Vitu utakavyohitaji

Vya kuundia:
- Plastiki bapa ya mm 1, ukubwa wa karatasi ya A3. Wachoraji mabango huwa na mabaki ya PVC, uliza.
- Kadi kuukuu za plastiki, kama za benki zilizoisha muda au zile ambazo laini za simu hutolewa ndani yake. Unene wake ni mm 0.76. Kumi zatosha.
- Plastiki ya chupa ya soda, kwa springi.
- Vijiti vya aiskrimu 40 na vijiti vya mishikaki 4 vya mm 3.
- Ndara kuukuu jozi moja, soli nyeusi ikipatikana.
- Paipu ya kupitishia waya za umeme ya mm 20, kipande cha sentimita 15.
- Waya mwembamba wa shaba, toa ndani ya kebo ya zamani.
- Plastiki angavu ya pakiti ya chaja au betri, kwa vioo.
- Gundi ya paipu za PVC, supagluu, na gundi nyeupe ya mbao.
- Fila ya gari, kopo dogo.

Vya rangi:
- Praima ya kijivu ya kupuliza, kopo 1
- Rangi ya gari ya kupuliza, kopo 1 (nyeupe au buluu ndizo zinazoonyesha kutu vizuri)
- Vanishi isiyong'aa ya kupuliza, kopo 1
- Rangi za mafuta za wasanii: kahawia iliyokoza, kahawia nyekundu, chungwa, nyeusi na nyeupe
- Rangi za maji za akriliki zisizong'aa: kahawia iliyokoza na kahawia nyekundu
- Tapentaini, nusu lita, na spiriti kidogo
- Chumvi ya mawe na chumvi ya mezani, kijiko kimoja kimoja
- Chaki nyeupe vipande 3
- Sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, siki, majani ya chai

Zana: kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, msasa namba 120, 240, 400 na 800, koleo ndogo, tupa ndogo, drili, brashi tatu (namba 0, 2 na 6), mswaki mkuukuu, sponji, na barakoa. Barakoa si ya hiari. Mvuke wa rangi ya gari na vumbi la PVC vyote vinadhuru kifua.

Hali ya hewa nayo ihesabu kama kifaa. Unyevu wa pwani ndio unaoharibu rangi nyingi za kupuliza hapa kwetu. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku kavu, mahali penye hewa lakini palipokingwa upepo. Wakati wa kusi ukipuliza uani bila kizuizi, nusu ya rangi itachukuliwa na nusu nyingine itarudi na mchanga.

Chasisi na magurudumu

1. Chora gari kwa ukubwa wake wa modeli juu ya karatasi ya miraba, mara mbili: kwa ubavu na kwa juu. Bandika karatasi juu ya kioo au kigae bapa. Hiyo ndiyo meza yako ya kazi.

2. Kata reli mbili za chasisi, kila moja mm 240 kwa mm 8. Kwenye kingo zake gundisha vipande vya upana wa mm 2.5, juu na chini, zipate umbo la U lililolala, mdomo ukitazama ndani. Weka reli juu ya mchoro, nje hadi nje mm 31, kisha unganisha kwa mbao tano za plastiki za kukingama. Pima pembe kwa pembe, mara mbili kwa kukatiza. Vipimo vikitofautiana hata mm 1, rekebisha kabla gundi haijashika. Chasisi iliyopinda haitengenezeki baadaye, na ndiyo sababu ya kwanza ya modeli kusimama kwa magurudumu matatu.

3. Springi. Kata vipande vya chupa ya soda vya upana wa mm 3: vinne kwa kila springi ya mbele, saba kwa kila springi ya nyuma, kila kimoja kifupi kuliko kilicho juu yake. Vifunge katikati kwa waya wa shaba. Amua sasa kama lori limebeba au ni tupu. Likiwa tupu, springi za nyuma hupinda wazi. Likiwa limejaa chumvi hunyooka karibu kabisa, na bodi hushuka mm 3 hivi nyuma. Kosa linaloonekana mbali ni kupakia magunia juu ya springi zilizobenuka.

4. Ekseli. Kijiti cha mshikaki mbele, kingine nyuma. Nyuma ongeza difu (lile tufe la katikati ya ekseli) kwa vifungo viwili vya shati vilivyobanwa pamoja na kujazwa fila pembeni. Usigundishe ekseli mpaka magurudumu yawe tayari.

5. Tairi. Unahitaji saba: mbili mbele, nne nyuma, na moja ya akiba. Soli ya ndara kata vipande vya mraba vya mm 36, toboa katikati, pitisha bolti ya mm 4, kaza kwa nati, kisha funga bolti kwenye drili. Zungusha polepole huku ukiishikia msasa namba 120 hadi ipungue kufikia kipenyo cha mm 33. Malizia na namba 240. Soli nyingi ni nene kuliko mm 9, kwa hiyo ipunguze kwa wembe mpya uliopakwa maji ya sabuni. Wembe mkavu hurarua. Mistari ya tairi ikate kwa ncha ya tupa. Usitumie upande wa soli wenye maua ya ndara, kwa skeli hii yatakuwa makubwa mno.

6. Rimu. Rimu ya inchi 16 ni mm 406, yaani mm 17 kwa modeli, na ukingo wake wafika kama mm 18.5. Kata pete za paipu ya mm 20, zisugue nje hadi zifike hapo, toboa tairi kwa kadiri hiyo, na uziingize. Katikati weka duara la kadi ya plastiki lenye nati. Hesabu nati za gari ulilopima, usikisie. Kisha angalia hili kwa makini: rimu ya mbele uso wake umetokeza nje, rimu ya nje ya nyuma uso wake umezama ndani, kwa sababu nyuma kuna tairi mbili mbili zilizogeuziana mgongo. Modeli nyingi za wanaoanza zina rimu zinazofanana mbele na nyuma, na dereva yeyote wa lori hulitambua kosa hilo mara moja.

7. Pitisha tairi chini kwa msasa uliowekwa mezani, toa nusu milimita tu mahali inapogusa ardhi. Tairi zenye mzigo hukaa hivyo. Sasa gundisha ekseli, magurudumu yote sita yakigusa kioo.

Kebini

8. Chora pande za kebini kwenye plastiki ya mm 1 na toa madirisha kabla ya kuunganisha. Usijaribu kukata mara moja. Pitisha wembe mara nne au tano kwa mkono mwepesi kwenye rula, kisha kunja, plastiki itavunjika kwa mstari.

9. Unganisha kwa gundi ya PVC. Gundi hii huyeyusha plastiki na kuishikanisha, kwa hiyo tumia kidogo, kwa brashi namba 0. Ikizidi, ukuta utalainika na kubonyea siku ya pili. Ndani ya pembe weka vipande vya pembetatu vya kushikilia mraba.

10. Pembe za paa na za mbele zijaze fila, ziache zikauke, kisha zisugue ziwe duara kwa msasa 240, halafu 400. Mlango utoe kwa kadi ya mm 0.76 iliyobandikwa juu ya ukuta, au uuchore kwa ncha ya wembe. Vipini, waipa na vishikio vya vioo vya pembeni ni waya wa shaba.

11. Viti, usukani na dashibodi vipake kabla ya kufunga paa. Vioo visubiri mpaka mwisho wa kazi yote.

Bodi ya mbao

Hapa ndipo utamu wa lori hili ulipo, usikimbie.

12. Pasua vijiti vya aiskrimu vipate upana wa mm 7 na ukate urefu wa mm 179. Kijiti kimoja hakifiki, kwa hiyo unganisha viwili viwili na kupanga maungio yasilingane. Sakafu yahitaji mbao kumi na moja. Punguza unene kwa msasa hadi mm 1.5, mbao ya mm 2 ni sawa na mm 48 za kweli, na hakuna fundi anayejenga bodi ya Canter kwa mbao nene hivyo.

13. Kuzizeesha mbao. Weka kipande cha sufi ya chuma ndani ya kikombe cha siki usiku kucha. Usifunike kikakaza, kwa kuwa hutoa gesi. Kesho yake paka vijiti chai ya rangi nzito, viache vikauke, kisha vipake ile siki. Ndani ya dakika chache mti hugeuka kijivu, kwa sababu chuma kilichoyeyuka kwenye siki hukutana na tanini ya majani ya chai. Paka mbao nyingine mara moja, nyingine mara mbili, chache usizipake kabisa. Bodi ya kweli huwa na mbao zilizobadilishwa juzi kando ya mbao za zamani.

14. Chini ya sakafu weka mataruma saba ya plastiki, yakingame juu ya chasisi. Nguzo za pembeni ni pembe za chuma: vipande viwili vya mm 2 vilivyogundishwa kwa umbo la L. Mbao za ubavuni acha mwanya wa nusu milimita kati yake. Maji ya chumvi hushukia kwenye mianya hiyo, na utaihitaji utakapochakaza.

15. Ongeza mlango wa nyuma, bawaba, minyororo ya waya uliosokotwa, madigadi ya raba, tangi la dizeli, boksi la betri, sailensa. Bodi ya mbao na kebini zisigundishwe kwenye chasisi bado. Paka kila moja peke yake.

Rangi ya msingi

16. Osha kila kitu cha plastiki kwa maji na sabuni, suuza, kausha. Usiguse tena kwa vidole vyenye mafuta.

17. Praima, tabaka mbili nyembamba, kopo likiwa sentimita 25 kutoka kwenye kazi. Anza kupuliza nje ya kitu, pitisha, malizia nje.

18. Praima ikishakauka usiku mmoja, paka rangi ya kutu kwa sponji sehemu hizi tu: ukingo wa chini wa milango, matao ya magurudumu, chini ya kioo cha mbele, pembe za chuma za nyuma ya bodi, nguzo, mataruma na chasisi yote. Changanya kahawia iliyokoza na kahawia nyekundu, zisichanganyike sawasawa. Tumia rangi za maji za akriliki zisizong'aa. Zikauke kabisa, kisha puliza vanishi.

19. Chumvi sasa. Lowesha sehemu zile zile kwa brashi yenye maji na tone la sabuni. Nyunyiza chumvi ya mawe iliyopondwa kidogo pamoja na chumvi ya mezani, ili madoa yasilingane ukubwa. Chembe hushika palipo na maji tu. Weka nyingi ukingoni, chache kuelekea katikati ya mlango. Acha ikauke yenyewe kivulini.

20. Puliza rangi ya gari juu yake, tabaka nyembamba tatu, kavu kavu. Ukimwaga rangi nzito itaifunika chumvi na haitatoka.

21. Baada ya saa mbili, lowesha na sugua kwa mswaki. Chumvi itabanduka na rangi iliyo juu yake, na kutu itatokeza na kingo zilizochanika kama za rangi iliyobanduka kweli. Kisha osha kwa maji safi mara tatu. Hili usilipuuze: chembe ya chumvi iliyobaki chini ya vanishi huvuta unyevu wa hewa na kuinua malengelenge.

22. Maandishi huja kabla ya vumbi, kwani nayo huchakaa. Nyuma weka chevroni (mistari ya mshazari) nyekundu na manjano na duara la 80, la kikomo cha mwendo. Mlangoni weka uzito wa gari kwa herufi ndogo. Pleti za zamani za Kenya ni nyeupe mbele na manjano nyuma. Namba ibuni, usinakili ya gari la mtu. Juu ya kioo au kwenye madigadi andika neno fupi, Riziki au Subira, kwa herufi za mkono. Chapisha kwenye karatasi nyembamba, sugua mgongo wake kwa msasa 800 hadi ilegee, bandika kwa gundi nyeupe, kisha puliza vanishi.

Kuchakaza

Fuata mpangilio huu: vivuli, michirizi, kutu mpya, chumvi, matope, vumbi, mafuta. Ukianza na vumbi, kila kitakachofuata kitalifuta.

23. Vivuli. Rangi ya mafuta nyeusi na kahawia, kiasi cha punje ya mchele, iyeyushe kwa kijiko cha tapentaini. Kwa brashi namba 0 gusa tu kwenye maungio: ukingo wa mlango, kando ya bawaba, kuzunguka nati. Rangi itakimbia yenyewe ndani ya mfereji. Palipozidi, futa baada ya dakika 20 kwa pamba yenye tapentaini kidogo. Usipake gari zima kwa maji haya, huo ndio uchafu wa ndoo tuliousema.

24. Michirizi. Weka nukta ndogo ya kahawia nyekundu chini ya doa la kutu. Ngoja dakika tano. Kwa brashi safi bapa, yenye unyevu wa tapentaini tu, vuta chini kwa mkupuo mmoja. Michirizi hushuka wima, siku zote, isipokuwa kwenye madigadi ambako upepo na maji ya tairi huivuta nyuma. Urefu wake uwe kati ya mm 4 na mm 15. Chini ya kila nguzo ya bodi weka mmoja au miwili, isilingane.

25. Kutu. Ya zamani ni kahawia karibu na nyeusi, na ndiyo nyingi. Ya chungwa ni mpya, nayo hukaa katikati ya ile ya zamani kama vitone vichache, pale maji yanapotua. Ukigeuza uwiano huu, yaani chungwa likawa jingi, kutu yote huonekana rangi ya chungwa tu. Kwa unga wa kutu halisi, loweka sufi ya chuma kwenye maji ya chumvi siku tatu, kausha, ponda, kisha osha unga huo kwa maji mara kadhaa ukiacha utuame, na ukaushe tena. Ushikize kwenye mataruma na pembe za nyuma kwa tapentaini yenye matone ya vanishi. Sababu ya kuuweka huko ni kwamba chumvi hupenya mianya ya sakafu, hutua juu ya mataruma, na kwa kuwa hubaki na unyevu, chuma hakikauki. Paa la kebini, ambalo mvua huliosha na jua hulikausha, haliozi hivyo. Paa lipe rangi iliyopauka tu: nyeupe kidogo ya mafuta, isambazwe hadi isionekane.

26. Ukoga wa chumvi. Usitumie chumvi ya kweli. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 chumvi huanza kuvuta maji na kuyeyuka, na usiku wa Malindi hufika hapo mara nyingi. Tumia chaki iliyosagwa na kupepetwa kwa soksi nyembamba ya nailoni. Changanya na maji na tone la gundi nyeupe, ipake kwenye mianya ya mbao na chini ya mlango wa nyuma, kisha ifute nusu yake kwa kidole. Pembe za ndani za bodi ziache nyeupe zaidi, huko fagio halifiki.

27. Matope na vumbi. Hapa safari ya gari ndiyo inayosema. Kwenye mashamba ya chumvi kuna matope ya kijivu. Yaweke kwenye tairi, ndani ya matao na kwenye chasisi nyuma ya magurudumu. Gari likipita njia za ndani, udongo mwekundu wa Magarini hukaa juu ya matope hayo kama vumbi, chini ya milango na kwenye bampa. Lori la mawe ya matumbawe ungelipaka vumbi jeupe la maziwa, juu mpaka chini. Udongo wa kweli unafaa sana, lakini uukaange kwenye sufuria kuukuu dakika 15, uupepete kwa nailoni, na utumie ule unaobaki laini kama poda. Mchanga wa ufuoni usitumie kabisa. Una chumvi, na punje ya nusu milimita ni sawa na kokoto ya mm 12 kwenye gari la kweli.

Matope yachanganye na gundi nyeupe na maji, yarushe kwa kukwangua mswaki kwa kidole. Vumbi lipake kavu kwa brashi namba 6, kisha dondosha spiriti pembeni yake, litashika. Usilipulizie vanishi nzito juu, litapotea.

28. Alama za watu. Kanyagio la mlango, ukingo wa juu wa mlango wa nyuma na ubao wa katikati wa sakafu husuguliwa kila siku, kwa hiyo hazina vumbi. Sugua penseli laini kwenye kingo za chuma, uzipe mng'ao. Chini ya mdomo wa tangi weka mchirizi mmoja wa dizeli: nyeusi na kahawia na vanishi inayong'aa. Moshi mweusi kidogo mdomoni mwa sailensa.

29. Unganisha bodi, kebini na chasisi. Weka vioo kwa gundi nyeupe. Futa alama ya waipa kwenye vumbi la kioo cha mbele kwa kijiti chenye unyevu, nusu duara mbili. Ni kazi ya dakika moja na kebini yote hubadilika.

30. Mzigo. Gunia la kilo 50 lililojaa ni kama mm 35 kwa mm 22 kwenye modeli. Finyanga kwa udongo wa ufinyanzi, funika kwa karatasi ya shashi iliyolowa gundi nyeupe, bana pembe mbili. Magunia 32 yatosha tabaka mbili. Yapange huku yakiwa bado laini ili ya chini yabonyee.

Mambo yanapokwenda mrama

*Rangi imekunjamana.* Umepuliza rangi ya gari juu ya rangi ya mafuta. Thina ya rangi ya gari huichemsha ile ya chini. Rangi ya mafuta yaweza kwenda juu ya rangi ya gari iliyokauka, kinyume chake hapana. Sugua hadi kwenye plastiki, anza tena.

*Rangi imepata ukungu mweupe.* Unyevu umenaswa ndani. Ngoja siku kavu, puliza tabaka moja jembamba la rangi ile ile. Mara nyingi ukungu huondoka.

*Plastiki imelainika au kubonyea.* Umetumia thina kusafishia. Kwa usafi tumia spiriti au maji ya sabuni.

*Chumvi haitoki.* Rangi ni nene. Loweka kitambaa kwa maji ya vuguvugu, kiweke juu dakika 10, kisha sugua. Penye ubishi tumia kijiti cha meno, si wembe.

*Vioo vimepata weupe.* Ni mvuke wa supagluu, na kwenye unyevu huzidi. Futa kwa tone la mafuta ya kupikia na pamba, kisha maji ya sabuni. Kwenye vioo usitumie supagluu tena.

*Gari linayumba.* Liweke juu ya kioo, ingiza karatasi chini ya kila gurudumu ujue lililoinuka. Pasha springi ya upande huo kwa maji ya moto yaliyo kwenye kijiko, bonyeza hadi iguse, shikilia mpaka ipoe. Usitumie moto wa wazi: PVC ikiungua hutoa moshi wa sumu.

*Vumbi limetoweka baada ya vanishi.* Vanishi huligeuza kuwa angavu. Lipake tena juu, lishikize kwa spiriti tu.

*Malengelenge yametokea baada ya wiki.* Chumvi imebaki chini. Chuna sehemu hiyo, osha mara tatu, paka kutu palepale. Kwenye lori hili kidonda cha namna hiyo kikitokea chini ya mlango, kiache kionekane, ndipo hasa kinapotokea kwa la kweli. Kikitokea paani, kifute chote na urudie rangi.